Mke Si Chanzo

Siku ya Jumanne, saa kumi kasoro dakika kumi, Mwalimu Miguu alikuwa amefika daftari la thelathini na moja kati ya arobaini na manne ya kidato cha pili, karani wa shule alipoingia chumba cha walimu kuazima stepla. Karani aliibana mara mbili hewani kuhakikisha ina pini, akaelekea mlangoni, kisha akakumbuka jambo.

"Mwalimu, ukipata nafasi mletee Marehemu sweta. Chumba cha kompyuta kina baridi, na yeye anakaa chini ya kiyoyozi kabisa."

Mwalimu Miguu alimaliza kwanza kuweka alama ya vema kwenye jibu lililokuwa mbele yake.

"Marehemu gani?"

"Mumeo. Kwani hujui? Anakuja tangu muhula uanze. Kadi yake nilimwandikia mimi."

"Kadi ya nini?"

"Ya kutumia kompyuta. Penye darasa nikaandika 'Marehemu', maana hapakuwa na mahali pengine pa kumweka." Karani aliitazama stepla kana kwamba imemponza. "Sisi tulidhani mnaonana."

"Hatuonani," alisema Mwalimu Miguu, akafungua daftari la thelathini na mbili.

Mumewe, ambaye naye alikuwa mwalimu wa historia shuleni hapo, alifariki miaka mitatu nyuma, Jumatano asubuhi, akiwa ameshapiga rangi kiatu kimoja na hajaanza cha pili. Alizikwa navyo vivyo hivyo kwa sababu hakuna aliyetazama. Tangu hapo mjane wake alikuwa akimsubiri. Marehemu wa watu wengine walikuwa wakija. Baba wa jirani alifika kila Jumapili kutia saa ufunguo. Mama mkwe wa mwalimu wa hesabu alipita jioni kufunua masufuria na kuyafunika tena bila kusema neno, kama alivyokuwa akifanya enzi za uhai wake. Mwalimu Miguu alikuwa hajapata hata kishindo. Alijiambia kwamba mumewe ni mtu wa taratibu, hata kumposa kulimchukua miaka miwili, kwa hiyo atafika tu.

Kumbe alikuwa akifika, siku tano kwa juma, tena kwa kupita chini ya dirisha la darasa lake. Kati ya darasa hilo na chumba cha kompyuta palikuwa na ukuta mmoja tu wa matofali, uliopakwa chokaa. Alishikwa na wivu, na hata hakuwa amejua bado anamwonea nani.

Jina la Miguu alipewa na wanafunzi. Ni kweli alivaa kiatu namba arobaini na mbili, lakini hilo halikuwa sababu. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa akiwapa wanafunzi swali na kuwafukuza darasani waende wakaulize watu. "Habari haina miguu," aliwaambia. "Miguu mnayo nyinyi." Wakaenda, wakarudi na vumbi na majibu, mengine ya uongo, na ule uongo nao akawafundisha jinsi ya kuukamata.

Kisha mwanzoni mwa mwaka mkuu wa shule, mama mmoja mwenye haraka, aliita kikao na kutangaza kwamba shule itakuwa na wiki.

"Wiki ya nini?" aliuliza mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akisinzia. "Ya usafi au ya michezo?"

Mwalimu wa kompyuta, kijana mpole aliyevaa funguo shingoni, alieleza kwamba wiki hii ni kama kitabu kilichoko mtandaoni, ambacho yeyote anaweza kukiandika na yeyote anaweza kukifuta.

"Na ukiandikwa uongo," aliuliza Mwalimu Miguu, "tunamkamata nani?"

"Hatumkamati mtu, mwalimu. Tunausahihisha."

Lilikuwa jibu zuri, na lilimuuma kwa sababu lilikuwa zuri. Tangu siku hiyo mikono iliyokuwa ikiinuka darasani kwake ilianza kupungua. Akiwapa swali, walimwambia, "Tutaangalia, mwalimu," kwa sauti ile ya mtu anayemwambia bibi yake asijisumbue kuinuka.

Madaftari yalipokwisha alikwenda chumba cha kompyuta. Mlangoni pameandikwa kwamba viatu vivuliwe, na pembeni ya kandambili za wanafunzi palikuwa na jozi moja ya viatu vyeusi, kimoja kinang'aa na kimoja haking'ai. Marehemu alikuwa mashine namba saba, ndani ya suti aliyozikwa nayo, iliyojikunja kidogo mgongoni. Alikuwa akichapa kwa vidole viwili, lakini kwa kasi ambayo hakuwa nayo alipokuwa hai.

"Karibu, mwalimu," alisema bila kugeuka. Waliitana hivyo tangu walipokuwa wachumba chuoni. "Nipe dakika tano. Kuna mtu ananisubiri."

"Nani?"

"Mkutubi."

"Mkutubi gani?"

"Mkutubi Mstaafu. Ndilo jina lake humu. Ananiangalizia kurasa."

Mwalimu Miguu akavuta kiti cha mashine namba nane. Alisubiri dakika tano, kisha kumi na tano.

"Miaka mitatu," alisema. "Nyumbani hujafika hata mara moja."

"Nyumbani hakuna mtandao," alisema Marehemu.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba barabara fulani haipitiki. Wakati huohuo umeme ukakatika. Mashine zote zikazimika isipokuwa namba saba, na mwalimu wa kompyuta, bila haraka, akavuta waya wa printa na kuuchomeka kwenye soketi ya Marehemu, akaendelea kuchapisha mtihani wa kidato cha nne.

"Akiwepo yeye hatuhitaji jenereta," alimweleza Mwalimu Miguu. "Ni faida kubwa kwa shule."

Kesho yake alirudi, na sweta alileta. Alimwomba mwalimu wa kompyuta amfundishe. Kijana alimwonyesha kwamba kila ukurasa una mlango wa nyuma unaoitwa Historia, ambapo huonekana nani aliongeza nini na saa ngapi, na mlango wa pembeni unaoitwa Mjadala, ambapo waandishi huzungumza wao kwa wao.

Mjadala ndio uliomaliza amani yake. Marehemu na Mkutubi walikuwa wamezungumza kwa kurasa arobaini na sita. "Ndugu, aya ya tatu umesema 'mwaka huo'. Mwaka gani?" aliuliza Mkutubi. "Ahsante sana," alijibu Marehemu, "umeona jambo ambalo mimi sikuliona." Mahali pengine: "Nimekaa nikiyafikiria maneno yako ya jana." Na pengine: "Una jicho la pekee." Mwalimu Miguu alisoma yote hayo akiwa kiti cha namba nane, na mwandishi mwenyewe yuko hatua moja kutoka kwake akiandika mengine. Alichukua karatasi akaanza kuweka vijistari. Ahsante, mara sitini na mbili. Umenifundisha, mara kumi na tisa. Na mara moja, kuhusu nukta iliyokaa mahali pasipo pake: umeniokoa.

Alipofika nyumbani alishusha kasha lenye miswada ya mumewe ili asije akamdhulumu kwa kumbukumbu mbovu. Kwa miaka thelathini na moja ya ndoa alikuwa akimsahihishia kila alichoandika. Pembeni mwa kila sahihisho mumewe alikuwa ameandika, kwa penseli na kwa mwandiko mzuri, maneno mawili: Acha ilivyo. Alihesabu mia moja na nne, akachoka.

Binti yao, aliyeolewa mji mwingine, alipopiga simu aliambiwa yote.

"Mama, Baba amefariki. Utamwonea wivu mtu aliyefariki?"

"Simwonei yeye."

"Huyo Mkutubi umewahi kumwona?"

"Sijamwona. Nimemsoma."

"Afadhali basi."

"Si afadhali. Kumsoma ni kubaya zaidi."

"Na sweta analivaa?"

"Analivaa."

"Hilo ndilo la maana, Mama," alisema binti, na mazungumzo yakahamia kwenye mambo ya nyumbani kwake.

Siku ya nne Mwalimu Miguu alifungua ukurasa wa visima, na hapo wivu ukakutana na kitu cha zamani kuliko wenyewe.

Marehemu alikuwa na kitabu kimoja, chembamba, cha kurasa mia moja na kumi na mbili, kuhusu visima vya mji ule na waliovichimba. Kilisomwa mashuleni na kiliheshimiwa. Habari zote zilizomo zilikusanywa na mkewe, kwa miaka minne, katika nyumba themanini na tatu, mwanzoni mtoto akiwa mgongoni na baadaye akimshika mkono. Alijaza madaftari tisa. Aliwauliza wanawake, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakiteka maji na kujua nani alichimba wapi na kwa nini. Mumewe aliyapanga na kuyapiga chapa. Kitabu kilipokaribia kutoka alimwambia kwamba majina mawili kwenye jalada yatawachanganya wanafunzi. Siku hiyo mtoto alikuwa na surua na homa haishuki, akajibu, "Sawa." Katika dibaji mwandishi alimshukuru mkewe kwa uvumilivu.

Sasa alisoma kwenye skrini: "Wanawake saba walikichimba kisima hicho katika mwaka wa ukame, wakishushana kwa kamba waliyoisokota kwa vitambaa vyao vya kichwa; wa saba hakupanda tena." Hata ile nukta-mkato ilikuwa yake. Aliiweka jioni moja, mumewe akataka kuiondoa, na kwa mara moja maishani yeye ndiye aliyemwambia aache ilivyo. Mwishoni mwa sentensi palikuwa na kinamba kidogo, na chini ya ukurasa kinamba kikajieleza: jina la Marehemu, jina la kitabu, ukurasa wa thelathini na nne.

Wakati huo alikuwa ameshaanza kuipenda wiki, ingawa hakumwambia mtu. Aliona kwamba kitabu hukutokea sebuleni kikiwa kimeshavaa, lakini wiki unaikuta jikoni, na kila aliyetia chumvi jina lake limeandikwa ukutani. Alifikiri kwamba kama dunia ingekuwa na mlango huu tangu zamani, mambo mengi yasingepotea. Kwa hiyo aliubonyeza mlango wa Historia kwa moyo wa mtu anayepekua mkoba wake mwenyewe. Akarudi nyuma siku kwa siku, koma kwa koma, mpaka mstari wa kwanza kabisa: siku ya pili ya muhula, saa kumi na dakika saba, Marehemu, ukurasa umeanzishwa. Nyuma ya hapo palikuwa peupe. Ungesema visima vyote vya mji vilichimbwa alasiri hiyo.

Akaandika, kwa kidole kimoja: "Habari hizi zilikusanywa na mke wa mwandishi, kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kwa miaka minne." Akahifadhi.

Sentensi iliishi dakika saba.

"Mchangiaji mpya, karibu sana," aliandika Mkutubi kwenye Mjadala. "Nimeondoa sentensi yako kwa kuwa haina chanzo. Tafadhali weka chanzo."

"Chanzo ni mimi," aliandika Mwalimu Miguu. "Mimi ndiye mke wake."

"Shikamoo mama, na pole sana kwa msiba. Sina shaka na neno lako. Lakini mke si chanzo. Chanzo ni kitu kilichochapishwa."

"Nina madaftari tisa."

"Daftari halijachapishwa, mama."

"Kitabu chake kimetoka kwenye madaftari yangu."

"Kama kitabu chake kinasema hivyo, nitajie ukurasa. Nitairudisha sentensi yako sasa hivi, na nitafurahi."

Mwalimu Miguu alikaa akiangalia mstari huo. Kitabu kilikuwa na ukurasa unaomtaja, aliujua kwa moyo, nao ulisema uvumilivu.

"Umeona?" alimuuliza mumewe.

"Nimeona."

"Na?"

"Sentensi ilikuwa nzuri," alisema Marehemu, vidole vikiendelea. "Haikuwa na chanzo tu. Mkutubi ni mtu wa haki, hapendelei."

Jumamosi alivaa viatu vyake vya bapa akaenda kwa miguu hadi nyumba iliyompa kisa cha wanawake saba. Aliyemsimulia alikuwa bibi kipofu, binti wa yule wa saba. Sasa barazani palikuwa na cherehani, na mjukuu wa yule bibi, fundi wa nguo, alikuwa akipinda sare ya shule.

"Bibi alishafariki, miaka kumi na miwili sasa," alisema fundi, pini zikiwa mdomoni. "Lakini Alhamisi huwa anapita kuhesabu kuku. Nimwambie nini?"

"Mwambie yule mwenye daftari anamwomba shuleni. Saa kumi."

Alhamisi hiyo bibi alifika saa kumi kamili, akipapasa ukuta kwa mkono wa kushoto. Karani alimwandikia kadi, na penye sahihi akamwekea wino wa dole gumba. Chumbani walikuwamo wanafunzi kumi na sita. Mwalimu wa kompyuta alimpa bibi kiti chenye mto na kumsomea ukurasa wa visima tangu mwanzo.

"Rudia hapo pa kamba," alisema bibi.

Akarudia.

"Maneno ni yangu. Niliyasema nimekaa juu ya gunia, mvua inanyesha. Niliyasema kwa mwanamke. Alikuwa na mtoto anayekohoa, na daftari alilificha kifuani lisilowe."

"Shikamoo, bibi," alisema Marehemu kutoka namba saba.

Bibi aligeuza sikio upande wake, akasikiliza hata baada ya sauti kwisha. "Marahaba," alisema. "Sauti hii sijapata kuisikia."

Wanafunzi kumi na sita waliinua macho, kisha wakayarudisha kwenye kazi zao, kwa kuwa kazi ilikuwa ya kukusanywa siku hiyohiyo.

Mwalimu Miguu alimsogelea mumewe. "Andika," alimwambia. "Wewe ukiandika, atakubali."

Marehemu alisimamisha vidole juu ya vibonyezo. "Ni kweli," alisema. "Yote aliyosema ni kweli, mwalimu."

"Basi andika kwamba ni kweli."

"Nikiandika, kurasa mia mbili na kumi zitawekewa alama ya shaka. Zote zimesimama juu ya kitabu kile. Wanafunzi watasoma nini?"

Miaka thelathini na moja ilikuwa imemfundisha kwamba mumewe hutanguliza sababu nzuri na kuificha sababu yenyewe nyuma yake. Akasubiri.

Marehemu aliangalia skrini. "Na Mkutubi," alisema kwa sauti ndogo, "atanionaje?"

Mwalimu Miguu aliinama chini ya meza akachomoa waya. Mashine namba saba iliendelea kuwaka. Alibaki ameinama hivyo, waya mkononi, akisikia juu yake vidole viwili vikianza tena kuchapa. Kisha akauchomeka waya, kwa sababu mtoto wa mtu angeweza kujikwaa, akamshika bibi mkono na kumsindikiza mpaka kwenye kuku wake.

Mwalimu wa kompyuta alikuwa amerekodi maneno ya bibi kwa simu, na kwa hiari yake akayapandisha kwenye Mjadala. Jibu la Mkutubi lilikuja asubuhi. "Nimesikiliza mara tatu na nimelia," aliandika. "Kanuni haina mahali pa kuyaweka."

Muhula ulipokaribia kwisha shule ilitoa zawadi. Zawadi ya Mchangiaji Bora wa Wiki ilikwenda kwa Marehemu, na kwa kuwa fomu ya kupokea ilitaka sahihi ya mtu aliye hai, mkuu wa shule alimwita mjane jukwaani apokee kwa niaba yake. Mwalimu Miguu alipanda, akapewa cheti. Mkuu wa shule alisema kwamba mwandishi huyu alitembea nyumba kwa nyumba kutafuta historia ya visima, na vijana waige mfano huo. Ukumbi ukapiga makofi. Marehemu, aliyekaa safu ya pili akiwa na sweta lake, naye alipiga makofi, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu na wengine walikuwa wakipiga.

Mkutubi alikuja mwenyewe, alisafiri tangu alfajiri. Alikuwa mama wa rika lake, mguu mmoja haukunjiki vizuri, miwani imefungwa uzi shingoni. Mwalimu Miguu alikuwa amejiandaa kukutana na mtu wa kuchukiza na hakumpata. Mkutubi alimkumbatia, cheti kikiwa katikati yao.

"Dada yangu, nimekuonea wivu muhula mzima," alisema. "Miaka thelathini na moja na mtu anayejua kusikiliza hivi! Mimi wangu ungemwambia nyumba inaungua, akakuuliza gazeti liko wapi."

Mwalimu Miguu alikinyoosha cheti kilichokunjika.

"Ndiyo," alisema. "Alikuwa msikivu."

Baadaye Marehemu alimsindikiza Mkutubi mpaka getini, akamchukulia na mkoba. Walisimama pale wakizungumza. Mjane aliwaangalia kutoka ngazi za ukumbi, na saa ya ukutani nyuma yake ikamwambia kwamba walisimama dakika ishirini na tano. Getini kwa wazazi wake, siku za uchumba, mumewe alikuwa akisimama tano.

Aliporudi, Marehemu hakupanda ngazi. Alikwenda moja kwa moja chumba cha kompyuta, na mkewe akamfuata na kukaa namba nane, cheti mapajani. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Kitabu kimeisha," alisema Marehemu. "Nimeshaandika mpaka ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Mkutubi ameniuliza pale getini kama nyuma ya kinu cha zamani hapakuwa na kisima. Sikuwa na jibu."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aanze kuja, wala kabla ya hapo. Alitoa mikono kwenye vibonyezo akaiweka magotini, akakizungusha kiti chake mpaka magoti yakaelekeana na ya mkewe.

"Mwalimu," alisema, "palikuwa na kisima?"

Palikuwa. Kilikuwamo kwenye daftari la tisa, ambalo halikuingia kitabuni hata neno moja kwa sababu mumewe alisema kitabu kimeshakuwa kirefu. Mwalimu Miguu aliiangalia mikono ile magotini. Angeweza kusema hapakuwa na kitu. Alijua kabisa kitakachofuata akisema palikuwa, alikijua kama anavyojua njia ya nyumbani.

"Palikuwa," alisema.

Akamsimulia. Kilichimbwa na kiziwi mmoja aliyekuwa akiyasikia maji kwa nyayo. Alitembea peku mji mzima siku arobaini, watu wakimcheka, mpaka akasimama nyuma ya kinu na kukataa kuondoka. "Kisha?" aliuliza Marehemu. Akaendelea. "Kisha?" aliuliza tena, akiwa ameinama mbele kidogo, kama alivyodhaniwa na Mkutubi kuwa alikuwa hivyo siku zote. Alimuuliza mara tano. Kisa kilipokwisha alimshukuru, akageuza kiti na kuandika aya saba, na kila aya ilianza na neno "Inasemekana".

Jumatatu Mkutubi alizipitisha zote. "Kwa kawaida hatukubali habari za namna hii," aliandika, "lakini kwa kuwa ni wewe unayevijua visima, nimeziacha."

Mwalimu Miguu aliisoma idhini hiyo akiwa amesimama, akaenda kufundisha. Daftari la tisa lilikuwa na visima vingine kumi na vitatu. Alikuwa ameshavipanga kichwani: kimoja kila Ijumaa, na Ijumaa nyingine angesema hakumbuki vizuri, inabidi afikirie kidogo, mumewe azidi kusubiri na kiti kimeelekea kwake. Kwa mwendo huo vingefika karibu na mwisho wa mwaka. Kile cha kumi na tatu, kirefu kuliko vyote, ambacho Mkutubi angekipenda mno, aliamua kwamba atakisahau.